Karatasi ya Nini Kati Yetu

Dalali hakubisha hodi. Aliingia uani na wateja wawili nyuma yake, mume na mke waliovaa viatu visivyozoea matope, akainamisha kichwa chini ya kamba ya nguo kama mtu anayepita chini ya mapazia ya sebuleni kwake.

"Ua ndio huu. Mnaona upana wake? Mkishatoa hizi shuka, magari mawili yanalala hapa bila kugombana."

Mama Pacha alikuwa ameinamia beseni, povu limemfika viwikoni. Kila Jumatatu nyumba ya wageni ya barabara ya pili humletea shuka arobaini na foronya zake, na kila Jumatano huzitaka zimekauka, zimepigwa pasi, zimekunjwa pande nne. Aliinuka taratibu, mkono mmoja kiunoni.

"Kaka, mnamtafuta nani?"

"Hatumtafuti mtu, dada yangu. Tunatazama nyumba tu. Wewe endelea na kazi yako, hutusumbui."

Kabla hajapata la kujibu walikuwa wameshaingia ndani. Akawafuata, maji ya sabuni yakimdondoka kwenye sakafu aliyoipiga deki alfajiri. Dalali alifungua mlango wa kwanza, akafungua wa pili, kisha ule wa chumba anacholala yeye na mumewe. Kitanda kilikuwa hakijatandikwa. Juu ya kiti ilikaa suruali ya mumewe, na juu ya suruali sidiria yake, ile kuukuu. Yule mke mteja aliitazama sidiria, akaitazama dari, akamgeukia dalali.

"Dari nzuri. Na hawa wapangaji wanatoka lini?"

"Hawa? Hawa ni waelewa. Mwezi mmoja tu."

"Sisi si wapangaji," Mama Pacha alisema, akashangaa sauti yake ilivyotoka ndogo. "Nyumba hii tumeinunua. Kwa Mwalimu mwenyewe, alipokuwa hai."

Dalali alitabasamu kwa upole, upole wa mtu aliyeisikia hadithi hiyo katika nyumba saba kabla ya hii. "Sawa, dada. Hati iko wapi?"

"Tulipatana."

"Kwa maandishi?"

"Kwa mdomo."

"Aa." Alimtazama yule mume, wakacheka kidogo, kicheko cha puani. "Dada yangu, mali bila daftari…"

"…hupotea bila habari," mke mteja alimalizia haraka, kama mtoto wa shule aliyefurahi kulijua jibu. Kisha akauona uso wa Mama Pacha, akaona haya, akaanza kuyasifu madirisha.

Madirisha aliyatengeneza mume wa Mama Pacha, kwa mikono yake.

&nbsp;

Mtaani walimwita Fundi. Alikuwa mchomeleaji, na karakana yake ilikuwa kibanda cha mabati nyuma ya kituo cha mafuta. Mkewe alimkuta amepiga magoti mbele ya geti la mtu, kinga nyeusi usoni, cheche zikimrukia kifuani. Alingoja mpaka azime mashine, kwa sababu zipo habari ambazo humpi mtu aliyeshika moto.

"Binti yake Mwalimu anauza nyumba."

"Nyumba gani?"

"Nyumba gani tena, Fundi? Ziko ngapi?"

Aliivua kinga. Uso wake ulikuwa umegawanyika, juu jasho, chini vumbi. "Hawezi. Tumelipa."

"Dalali kaniuliza hati."

Fundi akatazama lile geti la mtu muda mrefu, kana kwamba jibu limechomelewa humo.

Ilikuwa hivi. Mwalimu, ambaye mtaa mzima uliendelea kumwita hivyo hata baada ya kustaafu, aliwapangisha chumba kimoja kabla pacha hawajazaliwa. Miaka minne iliyopita daktari alimwambia anahitaji upasuaji wa nyonga, na hospitali ikamwambia haitamgusa kabla ya kutanguliziwa fedha. Aliwaita jikoni. Akawaambia nyumba anawauzia wao, kwa milioni nane. Nne wazipeleke hospitali wenyewe, kidogo kidogo, mpaka deni liishe. Nne za pili hakuzitaka mkononi. Badala yake wamtunze mpaka afe, ndani ya nyumba ile ile, asipelekwe kulala kwa watu. Fundi akatoa akiba waliyokuwa wakiiwekea kiwanja. Iliyopungua akaipata kwa kuchomelea madawati ya shule mpaka macho yakavimba. Kodi ikakoma tangu siku ile. Mabati yaliyokuwa yanavuja akayabadilisha, akaweka milango ya chuma na madirisha ya chuma, kama mtu anavyofanya kwake.

Na karatasi? Hapo ndipo fikra za Mama Pacha zilipokuwa zikirudi kila alipofumba macho. Mwalimu, aliyesahihisha madaftari ya watoto wa watu kwa miaka thelathini na mmoja, ndiye aliyesema, "Wanangu, leteni karatasi tuandike." Na yeye, aliyefiwa na mama akiwa na miaka tisa na tangu hapo hakumwita mtu jina hilo mpaka alipoingia nyumba ile, aliona kama kitu kizuri kinataka kuchafuliwa. Akasema, "Mama, karatasi ya nini kati yetu? Mtu humwandikisha mama yake?" Mwalimu alicheka, akampiga kofi dogo la begani. "Mkaidi wewe." Baada ya mwaka na nusu kiharusi kilimpiga upande wa kulia. Kikachukua mkono wa kuandikia, kikachukua na ulimi.

"Ulikuwa umekaa pale pale," Mama Pacha alimwambia mumewe sasa. "Ulikuwa unatafuna. Hukusema neno."

"Nilifurahi," Fundi alisema. "Uliposema vile nilifurahi. Nikajiona nimeoa mtu. Mjinga mimi."

"Tulikuwa wawili."

&nbsp;

Binti wa Mwalimu alikuja Jumamosi, peke yake, na mikoba miwili ya shule kwa ajili ya pacha. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwembamba, mwenye pua ya mama yake. Alikaa sebuleni kwenye ncha ya kiti kama mgeni, akalia kwanza, kisha ndipo akaongea.

"Dada, ulichomfanyia mama yangu, mimi niliyetoka tumboni mwake sikukifanya. Sitakisahau." Akatoa bahasha kwenye mkoba wake, akaiweka mezani.

"Hiyo ya nini?" Mama Pacha aliuliza.

"Ya asante."

"Dada, mama yako alituuzia nyumba."

Binti alifuta pua. "Mama aliniambia kwenye simu hamlipi kodi kwa sababu mnamtunza. Hilo aliniambia. La kuuza hakuniambia."

"Alisema atakwambia ukija."

Binti akaisogeza bahasha mezani, akairudisha ilipokuwa.

"Sikuja," Binti alisema. Miaka sita. Wao walijua, naye alijua wanajua. "Kwa hiyo mnataka niamini mama yangu aliuza nyumba niliyozaliwa, mimi mtoto wake wa pekee, asinong'one hata neno?" Hakuwa na hasira. Ingekuwa hasira, Fundi angejua la kufanya nayo. Ulikuwa uchungu, na uchungu ulimfaa kuliko wao, maana aliyekufa alikuwa mama yake. "Nionyesheni basi hata karatasi moja. Moja tu. Mimi si mwizi."

Fundi alikwenda chumbani, akarudi na mfuko wa plastiki wenye stakabadhi za hospitali, zote, zimepangwa kwa tarehe. Binti alizipitia moja moja. Kila moja ilikuwa na jina la mgonjwa.

"Hizi ni za mama."

"Tulilipa sisi."

"Sikatai, kaka. Ndiyo maana nasema Mungu atawalipa."

"Mungu ana nyumba ya kupangisha?" Fundi aliuliza.

"Fundi!" Mkewe alimvuta shati.

Binti alisimama. Mama Pacha alimkimbilia mpaka barabarani na ile bahasha, akijaribu kumrudishia mkononi, naye Binti akikunja ngumi isiingie, na majirani wakitazama wanawake wawili wanavyosukumana kwa adabu. Mwishowe ilianguka chini. Binti alipanda gari. Mama Pacha akainama, akaiokota. Bahasha ile ndiyo iliyolipia kufungua kesi.

&nbsp;

Wakili wa msaada wa kisheria alikuwa kijana wa kike mwenye mafua, ofisi yake chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya shule. Foleni ilianzia kwenye ngazi. Walipofika mezani kwake alikuwa ameshasikiliza watu kumi na wawili, na ndoo ya taka ilikuwa imejaa karatasi laini za kupengea.

"Ardhi haiuzwi kwa mdomo," alisema. "Hiyo ndiyo sheria, nawaambia mapema msije mkanilaumu. Lakini kuna mlango mdogo. Mkinionyesha mlitenda jambo ambalo halielezeki kwa namna nyingine yoyote, isipokuwa kwamba mlinunua, mahakama inaweza kuwasikiliza. Haya. Mlihamia lini?"

"Tulikuwa tunaishi humo tayari," Fundi alisema.

"Hilo halisaidii. Mpangaji naye anaishi humo."

"Tuliacha kulipa kodi."

"Binti anasema ni kwa sababu ya kumtunza mama."

"Tulilipa hospitali. Milioni nne!"

"Kwa jina la mgonjwa. Nani hajawahi kumlipia mgonjwa?"

"Mabati je? Madirisha?"

"Mpangaji anayevujiwa hubadilisha mabati." Alipenga kamasi, akawatazama kwa macho mekundu. Hakuwa mkatili, alikuwa amechoka tu. "Mama, baba, shida yenu naiona. Kila mlicholipa kinafanana na wema. Mngekuwa watu wabaya kidogo ningewashindia kesi hii kwa wiki mbili."

Fundi alicheka, kicheko kikavu. Mama Pacha hakucheka.

"Kuna jambo moja limebaki," wakili aliendelea. "Kumwosha, kumlisha, kumgeuza. Miaka mingapi?"

"Miwili na nusu, tangu kiharusi."

"Miaka miwili na nusu si jambo dogo. Mtu baki hafanyi hivyo bila makubaliano. Humo ndimo tutakamopitia." Alimwelekezea Mama Pacha kalamu. "Watakuuliza kwa nini ulimtunza. Jibu lako ni moja. Nilimtunza kwa sababu tulipatana, ile ndiyo ilikuwa bei. Usinitajie mapenzi. Mapenzi si malipo."

"Lakini nilimpenda."

"Mpende nje ya mahakama, mama."

&nbsp;

Wakafanya mazoezi. Mama Pacha akipiga pasi, Fundi akajitanda taulo mabegani kuwa joho la wakili, pacha wawili wakakaa juu ya kitanda kuwa mahakimu. Walikuwa na miaka kumi na mmoja, wakauchukulia uhakimu kwa uzito mwingi kuliko unavyostahili.

"Wewe mama," Fundi alinguruma, "ulimtunza marehemu kwa sababu gani?"

"Kwa sababu tulipatana."

"Sauti!" alisema hakimu wa kwanza.

"Kwa sababu tulipatana. Ile ndiyo ilikuwa bei."

"Unaona?" Fundi alishusha taulo. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya dalali alimtazama mkewe bila makunyanzi. "Si vigumu. Useme hivyo hivyo, usiongeze chumvi, usipunguze. Nyumba ni yetu. Hawa watalala wapi? Mimi na wewe tuna nini kingine duniani?"

Hawakuwa na kingine. Milioni nne ziliingia kwenye nyonga ya Mwalimu na nyonga ya Mwalimu iko chini ya udongo.

Hakimu wa pili alikuwa na kidole mdomoni. "Mama, kwani ni uongo?"

Pasi ikasimama juu ya foronya. "Si uongo," Mama Pacha alisema. "Ni nusu." Ikabidi aivute pasi haraka, kwa sababu kitambaa kilikuwa kimeanza kunuka.

&nbsp;

Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo kuliko walivyotarajia, na benchi la mashahidi lilikuwa na mguu mmoja mfupi uliowekewa karatasi iliyokunjwa. Fundi aliiona, akamnong'oneza mkewe, "Hata benchi lina karatasi yake." Ulikuwa utani wake wa mwisho kwa muda mrefu.

Shahidi wao wa kwanza alikuwa kinyozi wa jirani, aliyekuja amevaa tai ya mtu mwingine. Aliapa kwa sauti kubwa. Akasema ndiyo, mauziano anayajua, mtaa mzima unayajua, nyumba ni ya Mama Pacha.

"Uliyajua kutoka kwa nani?" aliuliza wakili wa Binti, mzee mpole mwenye miwani iliyoning'inia kifuani.

"Kutoka kwa Fundi."

"Fundi huyu mdai? Alikwambia lini?"

"Nikimnyoa, mheshimiwa. Kila nikimnyoa ananiambia."

Watu walicheka. Hakimu akagonga meza. Kinyozi akatoka akiwa na furaha, akidhani amesaidia.

Kisha akaitwa Mama Pacha. Aliulizwa na wakili wake, akajibu kama alivyofundishwa, neno kwa neno. Tulipatana. Ile ndiyo ilikuwa bei. Fundi, aliyekaa nyuma, alikuwa akitikisa midomo pamoja naye kama mzazi anayemsikiliza mtoto akighani shairi. Binti alikaa upande wa pili, mikono mapajani, akimtazama kwa makini.

Yule mzee akainuka.

"Mama, kwanza nikupongeze. Nimezisoma taarifa za daktari. Marehemu alilala kitandani miezi thelathini. Alikuwa mzito?"

"Mwanzoni. Baadaye akawa mwepesi."

"Ulimgeuza mara ngapi kwa siku?"

"Kila baada ya saa mbili. Asipate vidonda."

"Alipata?"

"Hata kimoja." Alilisema hilo kwa fahari, kidevu kikainuka chenyewe. Wakili wake akafumba macho.

"Hata kimoja. Mimi mama yangu mzazi alikuwa hospitali, wauguzi wanalipwa mshahara, alitoka na vidonda vitatu. Wewe ulikuwa unafanyaje?"

"Maji ya vuguvugu. Unamkausha kwa kugusa, husugui. Nilikuwa naziweka shuka zake mbali na za wageni, nazifua kwa mkono, nazisuuza mara tatu ili sabuni isibaki ikamwasha."

"Mara tatu. Hiyo nayo ilikuwemo kwenye mapatano?"

Alisita. "Tulipatana nimtunze."

"Sawa kabisa. Swali la mwisho, mama, kisha uende ukapumzike. Chukulia siku ile jikoni Mwalimu hakusema lolote kuhusu nyumba. Hana cha kukupa. Kiharusi kimempiga, binti yake yuko mbali. Wewe uko uani unafua, unamsikia chumbani amejichafua, analia. Ungemwacha?"

Alimtazama mumewe. Fundi alikuwa ameegemea mbele, viganja vyake vyenye makovu ya moto vimeshikana, na midomo yake ilikuwa inalitengeneza jibu polepole, herufi kwa herufi, ili alione. Ningemwacha. Ni neno fupi. Ndani yake mlikuwa na vyumba vitatu, ua, mabati mapya, vitanda viwili vya pacha na shule ya jirani wanayoiendea kwa miguu. Mama Pacha alilitafuta mdomoni, akalipata, likafika mpaka kwenye meno. Ndipo akamwona Mwalimu, alivyokuwa akigeuza uso ukutani kwa aibu kila anapofunuliwa, mwanamke aliyesimama mbele ya madarasa miaka thelathini na mmoja, na yeye alivyokuwa akimwambia, mama usione haya, mbona mimi sioni. Akajiuliza, kama yule mama anasikia huko aliko, alisikie hili?

"Ningemwosha," alisema.

"Bure?"

"Ningemwosha."

"Asante, mama," mzee alisema, na kwa kweli alionekana kusikitika. "Sina swali zaidi."

Nyuma ya chumba Fundi aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa benchi la mbele.

&nbsp;

Hukumu ilisomwa baada ya wiki tatu, na haikuchukua muda. Hakimu alisema mahakama inamwona mdai wa pili, Mama Pacha, kuwa shahidi mkweli kuliko wote waliofika mbele yake mwaka ule. Alisema ni ukweli wake huo uliokata shauri, kwa kuwa mtu ambaye angetenda yale yale bila mapatano hawezi kuyatumia matendo hayo kuthibitisha mapatano. Milioni nne nazo hazikuthibitika kuwa si msaada. Alimpongeza kwa utu wake. Akawapa siku thelathini.

Walitembea kurudi. Nauli waliyokuwa nayo ilitosha, ila hakuna aliyependekeza kupanda gari.

"Tumepongezwa na hakimu," Fundi alisema walipofika kwenye kituo cha mafuta. "Tumepongezwa na wakili. Binti ametuombea kwa Mungu. Twende basi tukalale ndani ya hizo pongezi."

"Fundi."

"Tenda wema nenda zako. Tangu utotoni nilidhani ni methali. Kumbe ni notisi."

Alimwacha atembee mbele. Jioni, pacha walipokwenda dukani, alimkuta ameketi kwenye kizingiti, akipitisha kidole juu ya maungio ya mlango aliyoyachomelea mwenyewe, laini, bila hata kifundo kimoja.

"Neno moja tu," alisema bila kugeuka. "Neno moja, mke wangu. Sikukwambia uue mtu."

"Najua."

"Watoto wana kosa gani na neno lako?"

Alikaa karibu naye, si karibu sana. "Na wewe, ningelisema mbele za watu, kwamba ningemwacha alie kwenye uchafu wake, ungelala na mimi kitanda kimoja?"

"Ningelala," Fundi alisema. "Ndani ya nyumba yangu."

Hakumsemesha tena. Siku zikapita, wakipeana chumvi kwa mikono ya watoto.

&nbsp;

Chumba walichopata kilikuwa ng'ambo ya reli, kimoja, choo cha kuchangia na familia nne. Hakikuwa na ua wa kuanikia. Nyumba ya wageni ilipopata habari ikampa mtu mwingine shuka.

Siku ya kuhama mkokoteni ulisimama nje tangu asubuhi. Binti alifika saa nne kuchukua funguo, akawakuta wamebakiza kitanda tu, Fundi akikifungua vibao. Alipita bila kusema neno mpaka chumba cha mama yake, kilichokuwa kitupu, kimepigwa deki, sakafu bado mbichi. Mama Pacha aliipiga asubuhi ile. Hakuna aliyemwagiza.

Binti alisimama katikati ya chumba, viatu mkononi.

"Alilala upande gani?"

"Hapa. Dirishani. Apate hewa."

"Dada." Alikuwa anageuza pete kidoleni, anageuza, anageuza. "Najua sina haki ya kukuuliza. Lakini hakuna mwingine wa kumuuliza. Mwishoni… alinitaja?"

Katika miezi ya mwisho kabla ya kiharusi, Mwalimu alilitaja jina la bintiye mara moja tu, na alilitaja ili kusema lisitajwe tena. Baada ya kiharusi hakutaja jina la mtu yeyote. Fundi alikuwa amefika mlangoni na kibao cha kitanda mkononi, naye alilijua hilo sawasawa na mkewe. Alisimama pale pale.

"Alikutaja," Mama Pacha alisema.

"Lakini daktari aliandika ulimi wake ulikufa."

"Kwa shida. Lilitoka jina lako tu. Hakuna jingine lililotoka."

Binti aliweka mkono ukutani. "Alikuwa anataka nini?"

"Hakutaka kitu. Alikuwa anauliza kama umekula."

Yule mwanamke akaanza kuteremka taratibu na ukuta, mpaka akakaa kwenye sakafu ya maji na sketi yake nzuri, akalia bila kujifunika uso, mdomo wazi, kama walivyo watoto. Mama Pacha alimtazama kidogo. Kisha akazichukua funguo kiunoni, akaziweka chini karibu na kile kiganja kilichofunguka, akatoka.

Fundi alikuwa bado mlangoni. Alimtazama mkewe alivyopita, akafungua kinywa, na siku tisa za kimya zikasimama zote kooni mwake zikisukumana. Mkewe alingoja. Alikuwa tayari kwa lolote, hata kwa tusi.

Hakulisema. Alirudi chumbani kwao, akainama kwenye kilichobaki cha kitanda, fremu ile nzito ya chuma aliyoichomelea wakiwa wachumba.

"Shika huko kwako," alimwambia.

Akashika.